Shindilia na Njia Isiyotaka Kunyooka

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Bonde zima, wakubwa kwa wadogo, lilimwita Shindilia, na mkewe pia alimwita hivyo siku akiwa na hamu ya kumchokoza. Tangu ujana wake alikuwa mtu wa barabara. Si mhandisi, wala dereva wa greda. Alikuwa yule anayekuja nyuma kwa miguu na sepetu na kile chuma kizito cha kushindilia, akajaza palipobonyea, akaupiga udongo mpaka ukalia kama ngoma iliyowambwa vizuri. Mvua ikinyesha barabara ikabaki, alipenda kusema, hiyo ni kazi yangu. Ikiondoka, hiyo ni kazi ya mhandisi. Watu walicheka, naye akacheka nao, ingawa hakuwa anatania sana.

Barabara zote alizozijenga zilikuwa mbali na nyumbani. Kambi ya wajenzi huhama na barabara kama jani linavyokwenda na maji, na kadiri kazi ilivyosonga mbele ndivyo nyumba yake ilivyobaki nyuma. Alirudi mwisho wa mwezi, au mwisho wa miezi, na mfuko wa nguo chafu na viatu vya mtoto ambavyo kila mara vilikuwa vimeshakuwa vidogo. Mtoto mwenyewe, binti yake wa pekee, alimpokea mlangoni kwa adabu isiyo na dosari. Alimwambia karibu baba, akampokea mfuko, akamvutia kiti. Kilikuwa kiti kizuri, kile cha wageni.

Sasa alikuwa amestaafu, mvi zimemwenea hadi kwenye nyusi, na binti alikuwa mtu mzima mwenye karakana ya baiskeli karibu na daraja na chumba chake mwenyewe kwa nyuma. Shindilia akipita pale mchana, binti aliinuka, akafuta mikono yenye grisi, akasema karibu baba, akamtafutia kiti. Mzee aliketi. Alitazama magurudumu yaliyoning'inia darini, akauliza kama biashara inakwenda, akajibiwa inakwenda, akanywa chai, akaaga. Akiwa njiani kurudi alijihisi kama mtu aliyekwenda kutoa pole kwenye msiba wa watu asiowajua.

Aliyemsukuma mlimani ni mkewe. Mama huyo alikuwa mshonaji, na chumba chake cha kushonea kilikuwa kimevamiwa. Shindilia alikuwa ameiwekea vipande vya mbao miguu ya meza ili isitikisike, ameupiga msasa ukingo wa mlango, amesawazisha sakafu pale cherehani ilipokuwa imezoea kuinama kidogo, na tangu hapo cherehani ikawa inaruka nyuzi.

"Mume wangu," mkewe alimwambia, sindano mdomoni, "watu wako huko juu na majembe kila Jumamosi. Mwanao ndiye kiongozi wao. Nenda ukausawazishe mlima, mimi niachie meza yangu."

Ndivyo alivyoanza. Kulikuwa na watu wachache tu wa kudumu: binti yake, ambaye wote walimwita Fundi; mwoka mikate, mnene na mcheshi, ambaye unga haukumtoka masikioni hata siku ya mapumziko; mwalimu wa hesabu, aliyekuwa katibu wao; na wengine waliokuja leo wakakosekana kesho. Ofisi ya misitu ilikuwa imewaruhusu kuchonga njia ya baiskeli kwenye ubavu wa mlima, kwa mikono yao wenyewe. Hakuna aliyelipwa. Hilo Shindilia alilielewa, maana hata yeye mwishoni alikuwa hafanyi kazi kwa ajili ya mshahara tu. Asichokielewa ni njia yenyewe.

Siku ya kwanza aliuliza inakwenda wapi. Wakamwambia inashuka. Inashuka mpaka wapi? Mpaka pale chini tulipoanzia kupanda. Akaona labda hakusikia vizuri. Watu wanapanda mlima wakisukuma baiskeli, kifua kikiwabana, ili washuke na kurudi pale pale walipokuwa? Na kwa nini ipinde hivi, kama nyoka mwenye tumbo linalouma, wakati hapa hapa pana mteremko safi wa kuipitisha moja kwa moja? Akachukua kijiti, akaichora chini, imenyooka kama uzi.

"Mzee," alisema mwoka mikate akimtazama kwa huruma, "tukiifuata hiyo yako, miili yetu itafika chini, roho zitafuata kesho yake."

Wakacheka wote. Hata Fundi alicheka, na Shindilia akagundua kwamba hakukijua kicheko cha binti yake. Kilikuwa na kikohozi kidogo mwishoni, kama cha bibi yake mzaa baba. Alisimama na kijiti mkononi, hajui acheke au aone aibu.

Hakuacha kwenda. Kila Jumamosi alipanda na sepetu yake begani akiwa haelewi, na kila Jumamosi alishuka akiwa haelewi zaidi. Walimwambia aache mzizi ambao yeye angeukata. Walimwambia alundike udongo ukingoni mwa kona mpaka kona ikainuka upande mmoja kama sahani iliyoegemezwa ukutani. Walitengeneza matuta pale alipoona hakuna haja ya tuta wala gari la kupunguza mwendo, na walipomwambia kwamba tuta hili ni la kuruka, alikwenda kando akajifanya anafunga kamba za kiatu.

Lakini kulikuwa na maji. Kwenye maji yeye na binti yake walikuwa watu wa ukoo mmoja kweli. Fundi alijua kwamba maji yakikaa njiani njia hufa, na kwamba yanatakiwa yapite kwa kuivuka, si kwa kuifuata. Alikuwa anatafuta namna ya kuinamisha njia kidogo kuelekea bondeni, na Shindilia alipiga goti, akalaza mpini wa sepetu, akamwonyesha kwa kiganja. Fundi akapiga goti pembeni yake. Akaiga. Baadaye, akiwa na mtaimbo kwenye jiwe lililokataa kung'oka, alisema bila hata kugeuka, "Baba, shika hapa. Sukuma. Si hivyo, huku."

Shindilia alisukuma huku. Usiku ule alimsimulia mkewe, na mkewe akashangaa mtu mzima anavyoweza kufurahi kwa kuamrishwa. Hakumwelewa. Kwenye amri ile hapakuwa na kiti. Kwa mara ya kwanza binti yake alikuwa amezungumza naye kama mtu aliyekuwepo. Kuanzia hapo wiki nzima ya Shindilia ilikuwa ni siku za kungojea Jumamosi, na hofu yake moja, ambayo hakumwambia yeyote, ilikuwa kwamba wataona wenyewe siku moja kuwa hajui anachofanya pale, wamrudishe kwenye kile kiti.

Kisha mgongo ukamshika. Alilala chali wiki kadhaa, akisikiliza cherehani chumba cha pili na mvua juu ya bati. Mvua ilikuwa kubwa. Alilala akiifikiria njia, akiyafikiria maji. Siku alipoweza kuvaa kiatu mwenyewe, katikati ya wiki, alipanda peke yake kuitazama, kama mtu anavyokwenda kumtazama mgonjwa.

Mifereji ilikuwa imefanya kazi. Kona zilikuwa zimesimama. Lakini juu kidogo ya Kona ya Msonobari, kona iliyokuwa kali kuliko zote, pale ambapo zamani palikuwa na udongo mwekundu laini, sasa palikuwa na mawe. Yalijitokeza njia nzima, makubwa kwa madogo, yenye pembe, mengine yamesimama wima. Huo ugonjwa aliujua. Mvua ikila udongo wa barabara, mawe yaliyolala chini huanza kujitokeza, na wajenzi husema barabara imeota meno. Barabara ikishaota meno haina maisha marefu. Na huyu mtu wa barabara hakuhitaji kuambiwa dawa yake, wala hakuona haja ya kumwuliza mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Zaidi ya hayo, Jumamosi iliyokuwa inakuja ndiyo siku ya kuijaribu njia kwa mara ya kwanza kutoka juu hadi chini, na Fundi ndiye angetangulia.

Akaifanya kazi ile polepole kwa sababu ya mgongo, siku baada ya siku, bila kumwambia mtu. Aliyang'oa mawe moja moja, akayatupa kando. Alibeba udongo kwa toroli kutoka kwenye kichuguu, akaulowesha, akaumwaga kwa tabaka, akashindilia kila tabaka mpaka mikono ikafa ganzi. Akauinamisha kidogo kuelekea bondeni, kama walivyokubaliana. Alipomaliza, mahali pale palikuwa laini kiasi kwamba ungeweza kusukuma kigari cha mtoto mchanga na mtoto asiamke. Katika maisha yake alikuwa amejenga barabara ambazo watu wakubwa walizikatia utepe, lakini hakuwahi kujenga kipande kizuri kama hicho.

Jumamosi alivaa shati safi. Alikwenda mapema akasimama chini kidogo ya kipande chake, karibu na msonobari, ili auone uso wa binti yake atakapofika.

Alimsikia kwanza: mlio wa tairi kwenye udongo, kama kitambaa kinachochanika taratibu. Kisha akamwona anatokea juu, kofia ngumu kichwani, magoti yamekunjwa. Akaona pia kwamba anakuja kwa kasi mno. Fundi alifika pale pa mawe, mawe hayakuwepo, na gurudumu likapita juu ya ule ulaini bila kushikwa na kitu. Uso ambao Shindilia aliusubiri aliuona kwa kitambo kidogo sana. Haukuwa na furaha wala hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyeshuka ngazi gizani akidhani imebaki moja zaidi. Kisha akaipita kona, akaupita msonobari, akaenda zake vichakani.

Alivunjika mtulinga. Kwenye benchi la zahanati, wakati binti anafungwa kitambaa cha kuning'inizia mkono, mwoka mikate alikaa karibu na Shindilia, mikono mapajani. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani, na akiwa hana utani alikuwa kama mtu mwingine.

"Mzee, yale mawe tuliyaweka sisi."

Shindilia alimtazama. "Mliyaweka?"

"Tuliyabeba kutoka korongoni, ulipokuwa unaumwa. Mimi nusura nipate ngiri."

"Mkayaweka njiani."

"Ndiyo. Ili mtu apunguze mwendo kabla ya kona. Ukiyafikia unashika breki mwenyewe, utake usitake."

"Si mngeweka kibao?" Shindilia aliuliza. "Kimeandikwa kona kali."

Mwoka mikate alisema tu kwamba kibao mtu anaweza asikitazame. Shindilia aliinamisha kichwa. Katika kazi yake yote, barabara mbaya ilikuwa adui, na mtu aliyeharibu barabara kwa makusudi alikuwa mwendawazimu au mhalifu. Sasa kumbe kuna ubaya unaojengwa kwa mikono, kwa jasho, ili kumlinda mtu. Na yeye, kwa kuuondoa huo ubaya, kwa upendo, kwa shati safi, alikuwa amemvunja mtoto wake. Aliligeuza jambo hilo hivi, akaligeuza vile. Halikukaa sawa kwa upande wowote.

Binti alihamia nyumbani kwa wazazi mpaka mfupa ushike, akalazwa kwenye chumba cha cherehani, kati ya marobota ya vitambaa. Hakumlaumu baba yake. Hilo ndilo lililomtesa. Shindilia alimpelekea uji, na binti akasema asante baba. Akamfungulia dirisha, asante baba. Adabu ile isiyo na dosari ilikuwa imerudi, na mzee alisimama mlangoni na bakuli tupu, hajui aingie au atoke.

Mwalimu wa hesabu alikuja kumjulia hali mgonjwa, na kabla ya kuondoka alimwita Shindilia barazani. Alizunguka sana kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Alisifu mikono ya mzee. Alisema kikundi kimekaa, kimezungumza, na wameona kwamba wageni watakapoanza kuja watahitaji mahali pa kuegesha magari kule chini, pawe tambarare, pawe imara. Na nani mwingine wa kazi hiyo kama si yeye? Kule juu asijisumbue tena, na mgongo ule. Shindilia alishukuru. Mwalimu alipokwisha kwenda alibaki amekaa pale, anajaribu kuelewa kama amepandishwa cheo au amefukuzwa. Mlango wa chumba cha cherehani ulikuwa wazi muda wote. Binti alikuwa amesikia kila neno.

"Muulize," mkewe alimwambia jikoni, kwa sauti ya chini.

"Nimuulize nini?"

"Ukishajua cha kuuliza utakuwa umeshapona. Wewe muulize tu."

Lakini yeye hakuwa na swali, alikuwa na ukungu tu. Jumamosi alikwenda chini peke yake na sepetu, akaanza kupasawazisha mahali pa magari. Ilikuwa kazi nyepesi, udongo mtiifu. Kutoka juu sauti za wenzake zilimfikia vipande vipande, mtu akiita, mtaimbo ukigonga jiwe, kicheko cha mwoka mikate kikibingirika kati ya miti. Alishindilia. Udongo ulilia kama ngoma, naye hakuwa na hamu ya kuusikiliza.

Alipoinua kichwa, binti yake alikuwa amesimama mwisho wa uwanja, mkono umening'inizwa kifuani, viatu vya kazini miguuni. Alikuwa ametembea kutoka nyumbani. Alizunguka akiangalia kazi, akaugonga udongo kwa kisigino.

"Pamekaa vizuri," alisema.

"Panakaa," alijibu mzee. Kisha kwa sababu hakujua lingine akasema, "Nikutafutie kitu cha kukalia."

"Sitaki kukaa." Sauti yake ilikuwa imebadilika, na Shindilia akaacha sepetu. "Kwa nini hukuniuliza, baba?"

"Nikuulize nini? Njia ilikuwa imeota meno. Mtu haulizi, anaziba."

"Ungeuliza nani ameyaweka."

"Nani anaweka mawe barabarani, mwanangu?"

"Mimi," alisema Fundi. "Niliyachagua mimi, moja moja. Na wewe ndivyo ulivyo siku zote. Unakuja, unakuta kitu, unakitengeneza, unaondoka. Nikiwa mdogo nilifunga mlango wetu kwa kamba kwa sababu nilitaka ukirudi ugonge, nikusikie, nije mimi mwenyewe kukufungulia. Ukaja ukaweka bawaba mpya na kitasa cha ufunguo, ukawa unajifungulia mwenyewe. Mlango ukawa haulii tena. Nikawa naamka asubuhi nakuta umeshafika, au umeshaondoka."

Shindilia aliukumbuka mlango. Aliukumbuka kama kazi nzuri. Alisimama katikati ya uwanja wake ulionyooka, akimtazama huyu mwanamke aliyekuwa binti yake, na kila alichowahi kukitengeneza nyumbani mwake kikaanza kumjia, meza, sakafu, kingo za milango, akijiuliza ni vingapi vilikuwa vimeharibika na ni vingapi vilikuwa vimewekwa.

"Ningekuuliza," alisema polepole, "ungeniambia?"

Fundi alifikiri. "Sijui. Nilikuwa na heshima sana." Akacheka kidogo, kikohozi kile mwishoni, akajishika bega kwa maumivu. "Twende juu. Tukayarudishe."

"Mwalimu alisema nibaki huku."

"Mwalimu nitazungumza naye mimi. Mtulinga ni wangu, si wake."

Wakapanda pamoja, polepole, mgonjwa na mgonjwa. Wenzao waliwaona, wakatazamana, wakaendelea na kazi. Mwalimu wa hesabu alikohoa, akaona jambo la kufanya mbali kidogo.

Kuuvunja ule udongo kulimuuma Shindilia mikononi. Alikuwa ameushindilia vizuri mno, sururu iliruka. Kisha ukaja wakati wa mawe, na hapo ikaonekana kwamba hawezi. Mikono yake haikujua. Alichukua jiwe akaliweka, na jiwe likalala, upande wake bapa juu, likalingana na ardhi kama lililozaliwa pale. Fundi alikuwa ameketi juu ya gogo, mkono kifuani. Akanyoosha mguu, akaligusa kwa ncha ya kiatu.

"Umelilaza."

"Nimeliweka."

"Umelilaza, baba. Lisimamishe. Linatakiwa limsumbue mtu."

Akalisimamisha. Likaonekana baya sana. Akalizungushia udongo ili lisitikisike, na hilo aliruhusiwa. Akaweka la pili, na la pili likalala, akalisimamisha. Aliuliza nafasi kati ya jiwe na jiwe iwe kiasi gani; binti akamwambia hakuna kiasi, ukipanga mstari mtu atauzoea. Aliuliza atajuaje basi kama amekosea. Hapo Fundi akakiri kwamba hata yeye hajui mpaka mtu apite.

Akapita mwoka mikate. Alitokea juu amesimama kwenye baiskeli, akayaona mawe, akashika breki, akaanza kupita juu yake taratibu, mashavu yakitetemeka, tumbo likitetemeka, akitukana mlima kwa maneno ya heshima. Alipita karibu na Shindilia hivi kwamba mzee angeweza kumfuta unga sikioni. Wakatazamana usoni.

"Shikamoo mzee," alisema mwoka mikate, sauti ikikatika vipande kwa mitikisiko.

"Marahaba," alijibu Shindilia, akishangaa.

Mwoka mikate akafika konani kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani, akapinda, akapotea chini. Shindilia alibaki ameinama na mikono yake ya udongo. Alijaribu kukumbuka kama kuna mtu aliyewahi kumsalimia akiwa anapita juu ya kazi yake. Hakukumbuka. Hakujua kama hilo lina maana yoyote, na kama lina maana, ni maana ya mawe au ya mwoka mikate.

"Bado sielewi," alimwambia binti yake.

"Najua," alisema Fundi. Alikuwa ameteleza kutoka kwenye gogo akapiga goti pembeni yake, mkono wake mzima umeshika udongo. "Nipe lile pale. Lile lenye pembe."

Shindilia alilitazama lile lenye pembe, akatazama la jirani yake lililokuwa zuri zaidi, bapa, linalokaa.

"Kwa nini lile?" aliuliza.

Na Fundi akaanza kumweleza.